Wakili wa nani?

Mzee alikuja kuchapisha barua ya ng'ombe.

Wakazi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, wanazijua barua hizo za kudai fidia ya mifugo iliyopotea wakati wa vita. Zinaanza na jina la kijiji, zinafuata na idadi ya ng'ombe na mbuzi, mwaka waliochukuliwa, kisha chini nafasi ya mhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hapa kwenye kibanda changu karibu na Mahakama Kuu nimezichapa nyingi kiasi kwamba siku hizi naanza kuandika kabla mteja hajamaliza kusimulia. Huyu alitoka Odek. Ujanani alikuwa askari wa UNLA, jeshi la taifa la kabla ya Museveni, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kile cha kambini kisichopoteza muda kwa adabu ndefu. Mimi mwenyewe nimekulia kambi ya polisi. Baba alikuwa koplo, na sisi watoto wa Walugbara, Wateso na Waacholi tuligombana na kupatana kwa lugha hiyo hiyo.

Printa ikiwa inavuta karatasi kwa shida, mzee akainua macho ukutani. Pale pana kalenda ya mwaka 2022 yenye picha ya Spika Jacob Oulanyah ndani ya joho lake. Sijaiondoa kwa sababu inaziba ufa.

"Kijana, huyu alikuwa wakili wa nani?"

Nikamwambia alikuwa na ofisi ya uwakili Kampala kabla ya siasa. Akacheka, meno machache.

"Hiyo najua. Nauliza mteja wake. Alikuwa wakili wetu sisi, au wao?"

Akalipa, akaikunja barua mara nne, akaenda kutafuta mhuri.

Swali likabaki kibandani. Limekaa wiki nzima, likakaa nyingine, na kila nikipitisha macho ukutani nalikuta pale pale.

Walioanzia pamoja

Desemba 1990 Makerere iligoma. Serikali ilikuwa imefuta posho za wanafunzi, polisi wakaingia, wanafunzi wawili wakauawa kwa risasi. Rais wa serikali ya wanafunzi alikuwa Norbert Mao. Spika wao alikuwa Oulanyah, naye alijeruhiwa kwa risasi akapona.

Wote wawili ni wa Acholi kwa baba zao. Wote wawili wanasheria, ingawa Oulanyah aliipata sheria kwa kuzunguka: alisoma kwanza uchumi wa kilimo, akarudi chuoni kuanza upya. Wote wawili walitoka pale wakiwa upinzani. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba mtu aliyepigwa risasi na dola hawezi kuja kula meza moja nayo. Ilikuwa imani rahisi kuishika ukiwa huna kura ya kuomba wala jimbo la kulisha.

Mwaka 1996 Mao aliingia Bungeni kwa kumshinda Betty Bigombe hapa Gulu mjini, mama ambaye miaka miwili kabla alikuwa porini akizungumza na Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Kijana dhidi ya waziri. Bado kuna watu wanaosimulia kampeni ile kama wanavyosimulia fainali ya mpira.

Oulanyah alimfuata Bungeni mwaka 2001, kutoka Omoro, akijulikana kuwa mtu wa UPC, chama cha Obote.

Jimbo la Omoro

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wanaomhukumu Oulanyah kutoka Kampala huwa wanaruka sehemu hii.

Odek iko Omoro. Odek ndiko alikozaliwa Joseph Kony. Na Odek, tarehe 29 Aprili 2004, ndiko LRA walikoishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani wakaua raia waliokuwa wamefukuzwa mashambani mwao ili eti wawe salama. Shambulio hilo ni miongoni mwa makosa ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia nayo hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa LRA. Hukumu ya kifungo cha miaka 25 ilitolewa Mei 2021, mwezi ule ule ambao mbunge wa Omoro alipanda kuwa Spika wa Uganda.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mbunge wa watu hao kati ya 2001 na 2006. Wapiga kura wako hawalimi. Wanakula chakula kinacholetwa na malori ya Umoja wa Mataifa chini ya ulinzi. Jioni hawaruhusiwi kutoka kambini. Waasi waliozaliwa miongoni mwao wanawachinja, na jeshi linalowalinda linawashuku. Wewe ni wakili. Una nini cha kuwapa? Hati ya kiapo?

Mao alijibu kwa sauti. Alipinga vita redioni, akaitetea sheria ya msamaha ya mwaka 2000, na alipokuwa mwenyekiti wa wilaya ya Gulu kuanzia 2006 alisimama na mato oput, desturi ya upatanisho ya Waacholi, wakati dunia ilitaka hati za kukamata kutoka The Hague. Oulanyah alijibu kwa namna nyingine. Aliingia kwenye kazi ya kamati. Akawa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria na Masuala ya Bunge, kiti ambacho mtu wa kawaida hakijui, na ambacho kila muswada mgumu lazima upite mbele yake.

Na hapo ndipo doa la kwanza lilipoangukia. Mwaka 2005 Katiba ilifanyiwa marekebisho makubwa, ukomo wa mihula miwili ya urais ukaondolewa. Kamati ya Sheria ilikuwa chini ya mtu wa Omoro.

Kwa miaka mingi nilitosheka na maelezo ya upande wake: mwenyekiti haamui, mwenyekiti anaongoza mjadala. Kisheria ni kweli. Lakini nikiwaza Odek ya 2004, na kisha nikiwaza vikao vile vya 2005, nashindwa kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mkoba mmoja. Watu walikuwa bado kambini. Serikali iliyoshindwa kuwarudisha nyumbani ilikuwa inaongezewa muda usio na mwisho, na mbunge wao ndiye aliyekuwa akisoma ajenda.

Huenda mzee alikuwa na hilo akilini. Au pengine alikuwa na ng'ombe tu.

Taarifa ya kubadili wakili

Kuna karatasi nyingine ninayoichapa mara kwa mara kuliko barua za ng'ombe. Ni taarifa ya kubadili wakili. Mteja amechoka na wakili wake, anachukua mwingine. Karatasi inapelekwa mahakamani, upande wa pili unapewa nakala, kesi inaendelea. Haina matusi wala machozi. Inasema tu kwamba kuanzia leo huyu hasemi tena kwa niaba yangu. Na wakili aliyeachwa hawezi kugeuka akamwakilisha mpinzani katika kesi ile ile. Akifanya hivyo atapelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

Siasa haina karatasi hiyo. Ndiyo maana tunagombana.

Lakini nilipokuwa nachapa moja asubuhi fulani, nikaona jambo ambalo lilinigeuza kuhusu Oulanyah. Mwaka 2006 watu wa Omoro walimwacha. Kaskazini yote ilikuwa imemgeukia Besigye, mpinzani mkuu wa Museveni, na mgombea wa chama chake cha FDC, Simon Toolit Akecha, akachukua kiti. Baada ya hapo ndipo Oulanyah alipoingia NRM, chama tawala cha Museveni. Mpangilio huu una uzito. Tunaposema "alituuza", tunasimulia kana kwamba alitoka nyumbani usiku tukiwa tumelala. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshamfungia mlango. Wateja ndio waliobadili wakili.

Na mwaka 2011 wateja hao hao walimrudisha. Safari hii alikuja na rangi ya njano ya NRM, waziwazi. Hakuna aliyedanganywa. Kambi zilikuwa zimefungwa, watu wamerudi mashambani, barabara zinahitajika, na mkulima wa Lalogi alifanya hesabu yake mwenyewe: huyu anafahamiana na wenye ufunguo.

Jirani yangu hapa, mama anayeuza chai na chapati kwa mawakili wanaosubiri kesi, aliniambia kwamba hesabu hiyo ni ya mtumwa. Nilimjibu, dada, ni ya mtu aliyekaa kambini. Hatukuelewana, na chai ilipoa.

Bado sijui nani kati yetu alikuwa na haki siku ile. Ninachojua ni kwamba neno "msaliti" linahitaji mtu aliyekuwa bado ameshikilia mkoba wako. Yeye mkoba alikuwa ameshanyang'anywa.

Kiti cha pili

Oulanyah alikuwa Naibu Spika kwa miaka kumi, 2011 hadi 2021, chini ya Spika Rebecca Kadaga.

Sehemu hii naipita haraka, kwa kuwa vita vyao wawili kila mtu alivitazama kwenye televisheni. Niseme moja tu. Nilipenda kumtazama akiwa kwenye kiti. Wabunge wakipandisha sauti, yeye alishusha ya kwake. Angefungua Kanuni, akasoma, akaeleza kwa nini mheshimiwa fulani anakaa chini. Kinyozi wangu, asiyempenda mwanasiasa yeyote aliye hai, alikuwa akiongeza sauti.

Ila kanuni zina upande. Septemba 2017, wakati wa vurugu za muswada wa kuondoa ukomo wa umri wa mgombea urais, wanausalama waliingia ukumbini na kuwatoa wabunge kwa nguvu. Siku hiyo kiti alikikalia Kadaga. Desemba muswada ukapita kwa kura 317 dhidi ya 97. Ukiangalia, taratibu zilifuatwa karibu zote: usomaji wa kwanza, kamati, usomaji wa pili, kura kwa majina. Mtu aliyeamini maisha yake yote kwamba utaratibu humlinda mnyonge alikuwa naibu katika Bunge ambalo utaratibu ulimlinda mwenye nguvu. Napenda kufikiri kwamba hilo lilimsumbua usiku. Sina ushahidi wowote, na kuna siku nadhani namtengenezea dhamiri inayonifaa mimi.

Miezi kumi

Tarehe 24 Mei 2021 Bunge lilichagua Spika, uwanjani Kololo kwa sababu ya Covid. Kura: Oulanyah 310, Kadaga 197, Ssemujju wa FDC 15. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Jaji Mkuu Owiny-Dollo, naye Mwacholi, wa Agago. Hapa Gulu boda boda zilipiga honi hadi usiku. Jaji Mkuu na Spika, wote wa kwetu! Watu waliosahauliwa kambini kwa muongo mzima waliona vijana wao wakishika mihimili miwili kati ya mitatu ya dola. Hata mimi nilinunua soda kwa watu nisiowajua.

Kisha ugonjwa. Februari 2022 akasafirishwa hadi Seattle, na Waganda waishio Marekani wakaandamana kupinga gharama za kumtibu. Tarehe 20 Machi akafariki, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 57. Tarehe 25 Machi Bunge likamchagua Anita Among kuchukua nafasi yake, mwili ukiwa bado haujafika nchini. Tarehe 8 Aprili tukamzika Lalogi.

Nilikwenda. Vumbi, helikopta, hema za wakubwa na jua la wadogo. Hotuba zilikuwa nyingi na karibu zote zilizungumzia umoja.

Mwezi Mei kukafanyika uchaguzi mdogo. Mwanawe, Andrew Ojok Oulanyah, alishinda kwa tiketi ya NRM. Miongoni mwa aliowashinda alikuwa Toolit Akecha, safari hii akiwa mgombea wa chama cha upinzani cha NUP: yule yule aliyemshinda baba miaka 16 kabla. Kama kuna kitu kinachonikera katika habari hii yote, ni hiki, na simlaumu kijana. Baba aliomba kura, akanyimwa, akaomba tena. Alisota. Kiti cha wakili hakirithiwi mahakamani. Mwana wa wakili lazima naye asome, afaulu, aapishwe. Kwa nini cha ubunge kikabidhiwe msibani?

Sahihi ya Mao

Miezi minne baada ya kifo hicho, Julai 2022, Mao alitia sahihi makubaliano ya ushirikiano kati ya chama chake, DP, na NRM, Rais Museveni akiwa mbele yake. Akawa Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba.

Nilikuwa kibandani. Kijana wa boda boda aliniletea habari kwenye simu yake, na watu waliokuwa foleni wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja. Wengine walisema hatimaye. Wengine walisema hata yeye.

Nilijaribu kumpima Mao kwa kipimo nilichompimia Oulanyah, na hakikukaa sawa. Ni kweli alisaini mchana, mbele ya kamera, na hilo ni zaidi ya wanachofanya wengi wanaovuka kwa mlango wa jikoni. Hoja yake, kwamba nchi inahitaji mpito wa amani na mpito hauletwi na mtu aliyesimama nje ya uzio, si hoja ya kijinga. Lakini nani alimtuma? Mara ya mwisho kuchaguliwa na wananchi, hadi siku ile, ilikuwa uenyekiti wa wilaya mwaka 2006. Urais aliugombea mwaka 2011, akapata asilimia 1.86, na tena 2021, akapata chini ya asilimia moja. Mwaka 2016 alitaka ubunge wa Gulu, jina lake likakosekana kwenye daftari la wapiga kura, njia ikafungwa. Kwa hiyo aliingia serikalini bila sisi kumwacha na bila sisi kumtuma. Wanachama wa chama chake wenyewe walilalamika kwamba hawakuulizwa.

Ndipo nilipogundua kwamba swali langu na la mzee wa Odek hayafanani. Yeye alitaka kujua wakili ni wa nani. Mimi nilikuwa nimeanza kujali zaidi nani alitia sahihi mkataba wa kumwajiri.

Aliyepanda benchi

Nilidhani nimemaliza. Halafu nikamkumbuka wa tatu.

Alfonse Owiny-Dollo alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, kisha mbunge wa Agago na waziri mdogo wa kaskazini miaka ya tisini. Alikuwa mshauri wa sheria katika mazungumzo ya amani ya Juba, kati ya serikali na LRA. Na kwenye kesi ya kupinga uchaguzi wa 2006, alikuwa kwenye timu ya mawakili wa Museveni. Kwake yeye swali la mzee lina jibu la kwenye jalada: mteja wake alikuwa Rais. Mwaka 2008 akawa jaji. Mwaka 2018, kule Mbale, aliongoza jopo la Mahakama ya Katiba lililokubali, kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, kuondolewa kwa ukomo wa umri. Watu wakasema, si tuliwaambia.

Tarehe 31 Januari 2025, akiwa Jaji Mkuu, aliongoza Mahakama ya Juu kutamka kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Kesi ilikuwa ya Michael Kabaziguruka, mbunge wa zamani, na watu waliokuwa wanaozea rumande kwa kesi za kijeshi walikuwa wengi. Hapa mahakamani mawakili walikumbatiana. Nilitoa fotokopi za uamuzi ule hadi wino ukaisha.

Aliyekuwa wakili wa Rais ndiye aliyefanya hivyo. Na tarehe 20 Mei 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha raia mbele ya mahakama hizo, katika serikali ambayo Waziri wake wa Sheria alikuwa kijana aliyeongoza wanafunzi mwaka 1990. Juni Rais akaisaini.

Sasa nipange vipi? Niliyemweka upande wao alitupa sisi kitu. Tuliyemhesabu wetu, tangu Makerere, tangu redio, tangu mato oput, alikuwa mezani kilipochukuliwa. Na Oulanyah hayupo tena kujibu angekalia kiti vipi siku ile: angefungua Kanuni, angesoma, angemruhusu nani aseme. Nimejaribu kuiona picha hiyo na kila mara inagoma. Nadhani angeendesha mjadala mzuri sana, wa heshima, na sheria ingepita.

Hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia, maana nilimpenda.

Mteja wa Alhamisi

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa nne wa sheria, Chuo Kikuu cha Gulu, alileta tasnifu yake niichape na kuifunga. Ni mtoto wa Opit, huko huko Omoro. Ana kipaji cha kuzungumza, na tayari shati lake lina ile pasi ya watu wanaotaka kuchaguliwa. Aliniambia mipango yake bila kuulizwa: baraza la wilaya kwanza, Bunge baadaye.

Nikamuuliza, "Utasimama na chama gani?"

"Inategemea, mkubwa. Nitaangalia upepo."

Nikamwambia kuhusu taarifa ya kubadili wakili. Nilimweleza kwa kirefu, labda kirefu mno. Foleni ilianza kunung'unika. Nikamwambia akipata kura za watu wa Opit, siku akitaka kuhamia kwingine, arudi kwanza Opit awaambie, na wao wakisema hapana, akae au ajiuzulu kiti wachague upya. Mao na Oulanyah nikawataja wote wawili. Nikamtaja hata Toolit.

Alisikiliza kwa adabu, mkono kifuani, kama walivyofundishwa.

"Nimekusikia, mkubwa," akasema, akichukua tasnifu yake. "Lakini kwanza nimalize LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili. Kule wanafelisha watu vibaya."

Alikuwa na haki. Nikamrudishia chenji yake, elfu mbili mia tano, na nikamwita aliyefuata.